Nyonga za Elfu Thelathini

Hapa Kenya, bima ya afya ya taifa, NHIF, ilizikwa Oktoba 2024 na bima mpya, SHA, ikarithi mji. Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Jina jipya, nembo mpya, na hesabu ya leba ni hii: mama akijifungua kawaida, hospitali inalipwa shilingi 10,000, akipasuliwa, 30,000.

Simtukani daktari. Upasuaji una gharama zake: dawa ya usingizi, nyuzi, damu ya akiba. Lakini mkunga anayekesha akimsugua mama mgongo anaingiza theluthi ya kile ambacho kisu huleta kabla chai haijapoa.

Jirani yangu alifikishwa hospitali moja ya kibinafsi (jina naliacha) na uchungu wa alfajiri. Swali la kwanza halikuwa chupa imepasuka saa ngapi. Lilikuwa, "Mama, kadi ya bima iko?" Ilikuwapo. Kufikia saa nne nyonga zake zilikuwa zimegunduliwa kuwa nyembamba. Nyonga zile zile zilizokwisha kupitisha watoto watatu, wa mwisho akiwa na kilo nne! Labda bima husinyaza mifupa. Mimi si mtaalamu.

Basi wakubwa mkikutana tena hotelini Naivasha kurekebisha mfumo, hotuba za uadilifu zisubiri. Anzeni na hizo tarakimu mbili, na mkunga awe mezani.