Kigae cha Mwisho

"Hodi!" alibisha mama mwenye nyumba.

Nami, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, nikajibu: "Karibu, mama!"

Kimya. Halafu: "Sasa si ufungue?"

Hapo ikanibidi niseme, kwa sauti ya kupenya mbao, na kwa bahati mbaya ya kufika hadi uani walikokuwa wanamenya vitunguu, kwamba mlango haufunguki. Ufunguo haujapotea. Kitasa hakijaharibika. Ila mlango unafungukia ndani, upenyo wake wa chini ni sentimita moja, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimetumia saa tano kutandika mbele yake sakafu ya mpira yenye unene wa sentimita mbili.

Dakika moja baadaye dirisha lilijaa nyuso. Dirisha lenyewe lina nondo, kama madirisha yote ya mtaa wetu hapa Tabata, kwa hiyo nilitazamwa vile watu wanavyowatazama wanyama kwenye banda la Maliasili pale Sabasaba. Mtoto wa jirani akaninyooshea mkono kupitia nondo: "Shikamoo, Anko." Nikaitika marahaba. Ungefanyaje?

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo Jumanne, na nikipita uani visu bado vinasita juu ya vitunguu.

Chanzo ni dambeli ya kilo kumi iliyonitoka mkononi ikapasua marumaru moja, nikalipishwa tatu. Nikaapa kwamba chuma hakitagusa tena sakafu ya mama yule. Nikaenda Kariakoo kutafuta vigae vya mpira, vile vyenye meno vinavyoumana, na sikwenda mtupu: nilikuwa nimesoma wiki mbili. Winga wa kwanza kunidaka alinipeleka kwenye vigae vya povu, laini, vyepesi kama mkate, vimenyunyiziwa madoa ya rangi ili vifanane na mpira wenyewe. Vile vinafaa kwa mtoto anayetambaa. Chuma kizito kikilala juu yake usiku mmoja, asubuhi unakuta shimo. Nikabonyeza kwa dole gumba, alama ikabaki, nikamrudishia. "Bosi, wewe unajua sana," akasema, na sentensi hiyo Kariakoo maana yake ni kwamba bei imepanda.

Mpira wenyewe unaujua kwa uzito. Kigae cha nusu mita kwa nusu mita, unene sentimita mbili, kina kilo nne na ushee. Namna kilivyotengenezwa ndiyo iliyoniponza, maana mtu akishapenda habari ya kitu hupoteza akili ya kukinunua. Utomvu wa mpira peke yake ni kitu cha hovyo: jua likiwaka unanata, baridi ikija unapasuka. Mwaka 1839, Mmarekani Charles Goodyear aliuchanganya na kiberiti, si cha njiti bali kile cha madini ya njano ambacho njiti zetu zimerithi jina lake, na mchanganyiko ukagusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, ukakomaa. Kiberiti kilikuwa kimefunga vifundo kati ya nyuzi za mpira, na vifundo hivyo havifunguki. Goodyear akapata hataza mwaka 1844, na akafa mwaka 1860 akiwa na madeni ya kutisha. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine, miaka 38 baada ya yeye kuzikwa, na sijui kwa nini habari hii ilinigusa kiasi kile nikiwa na mshahara wangu mfukoni.

Kwa kuwa vifundo havifunguki, tairi kuukuu huwezi kuliyeyusha ukalimimina upya kama plastiki. Unaweza kulikata ukashona katambuga, au kulisaga chengachenga, ukazigandisha kwa gundi na kuzikandamiza kwenye kalibu. Hicho ndicho kigae. Mimi kwa hiyo nilinunua katambuga iliyosagwa, ya kuvaliwa na chumba kizima.

Sasa meno. Jino la kigae lina kichwa kipana na shingo nyembamba, na pengo la kigae jirani ni umbo hilohilo kinyume chake. Ukilivuta kwa ubavu haling'oki, kwa sababu kichwa hakipiti kwenye shingo. Ukiliinua kutoka chini, linatoka kirahisi. Ujanja wote ni huo: nguvu za upande linazikataa, za wima linazikubali, bila gundi wala msumari. Nililiangalia jino lile pale dukani mpaka winga akakaa chini.

Ndiyo maana sikuuliza swali la maana. Vigae hivi vina aina tatu: vya pembeni kabisa vyenye meno pande mbili, vya ukingoni vyenye meno pande tatu, na vya kati vyenye meno pande zote nne. Chumba cha mita tatu kwa nne kinahitaji vinne, ishirini, na ishirini na vinne. Mimi nilifungiwa vyote arobaini na nane vya kati. Risiti ilikuwa na ule muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Guta likavifikisha nyumbani, karibu kilo mia mbili, na dereva akaniuliza kama najenga ghorofa.

Kazi ya kwanza, basi, ikawa kunyoa meno kwenye pande ishirini na nane. Mpira haukatwi kwa nguvu. Unaweka rula ya chuma, unalowesha kisu kwa maji ya sabuni, unapitisha taratibu mara nne au tano huku umekunja kigae ili jeraha lipanuke. Nilikuwa fundi kamili kufikia saa tano asubuhi.

Kazi ya pili ilikuwa kugundua kwamba sina chumba. Kila fundi anajua kupiga skwea kwa tatu, nne, tano: upande mmoja mita tatu, mwingine nne, basi kutoka kona hadi kona ya pili lazima ipatikane tano kamili. Kwangu kona moja ilitoa mita tano na sentimita nne, nyingine ikatoa nne na sentimita tisini na sita. Chumba kimelala upande kama maboksi yaliyoegemewa. Vigae vina pembe mraba na havina huruma, kwa hiyo ukutani upande huu vilibana na upande ule vikaacha mwanya. Vilipobana, nilivishindilia kwa nyundo.

Vitabu vinasema uache nusu sentimita kando ya kuta, maana mpira hutanuka ukipata joto. Chini ya bati la Dar es Salaam, saa nane mchana. Nilifunga mlango ili mstari wa mwisho ukae sawasawa, nikagonga kigae cha arobaini na nane, nikasimama katikati nikiwa nimeshika kiuno, nikaitazama kazi yangu. Haikuwa na ufa hata wa kupitisha ukucha.

Simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji. Kisu nacho sikukiona, mpaka nilipokanyaga kigae cha tatu kutoka dirishani na kuhisi kitu kirefu kwa chini.

Niliokolewa na kijiko. Mama mwenye nyumba alikipitisha kwenye nondo, mpini mbele, cha kupakulia wali, akaniamuru nitafute jino lililolegea. Dakika ishirini, watazamaji wakinipa maelekezo yanayopingana.

Kisha harufu ya tairi, tangu siku hiyo hadi leo. Kisha paka wa jirani, ambaye ameamua ile ni mbao yake ya kunolea kucha.

Ila kinachonichoma ni mlango. Ukirandwa sentimita moja na nusu tu, habari imekwisha. Seremala yupo hapo kona. Nilipoomba ruhusa niliambiwa mlango ni wa nyumba, na nyumba haiguswi. Nimelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla sijalala hata usiku mmoja, kwa chumba ambacho hata kona zake hazikubaliani, na siruhusiwi kunyoa mbao ambayo mchwa ananyoa bure. Nimeng'oa vigae vinne vya mlangoni. Nanyanyua vyuma huku nikichungulia shimo.

Jana jioni mama mwenye nyumba alikuja tena na mkataba mkononi, kidole kwenye kipengele cha tisa: kitu chochote kilichofungwa kwenye nyumba, mpangaji akihama, hubaki kwenye nyumba. Nikamweleza kwa upole kwamba vigae havikufungwa. Hakuna gundi, mama, hakuna msumari. Vimeumana tu, na vinatoka muda wowote mtu akitaka.

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "mbona Jumamosi vilikushinda?"