Nilitimiza Faradhi, Nikaacha Sunna

Jumatatu asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili na sahani ya sambusa, binti wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, huo waraka ni wa mwaka gani?" Masikio yangu hayajapoa mpaka leo.

Kisa ni ankara. Barua pepe za ofisi zilikuwa zinaishia kwenye kapu la taka za wateja. Mteja ukimkumbusha deni anaapa hajaona kitu, na safari hii alikuwa anasema kweli. Nikajitolea kutibu. Dawa inaitwa SPF: tangazo unaloliweka kwenye DNS, lile daftari la majina la intaneti, ukitaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Seva inayopokea hulisoma. Isipolikuta, inakunja uso. Tangazo lenyewe ni mstari mmoja. Kujua mstari huo unaandikwa wapi ndiko kulikoniumbua.

Wenzangu huuliza mafundi. Mimi nikaenda kwenye chemchemi, nyaraka za RFC, zile za kanuni za intaneti. Ule wa kwanza aliuandika Steve Crocker, mwanafunzi wa UCLA, mwaka 1969, usiku, bafuni, asije akawasumbua rafiki zake waliomkaribisha. Asionekane anatoa amri, akauita Ombi la Maoni. Leo maombi hayo yamepita 9,000, na intaneti nzima inayatii.

Kilichoniteka ni lugha yake. Waraka 2119 wa mwaka 1997 umezipanga kauli za nyaraka hizi kwa madaraja matano. Nilipousoma nikacheka peke yangu: hii ni madrasa! Kuna faradhi na kuna haramu, hapo hakuna mjadala. Kuna sunna, ambayo unaweza kuiacha ukiwa na sababu ya haki na umeshapima yatakayokupata. Kuna makruhi. Kuna mubaha, shauri yako. Maalimu wetu angeweza kuongoza kamati ya intaneti bila hata kuvua kofia.

Sasa, waraka 4408 unaohusu SPF unataja aina mbili za rekodi za kubebea tangazo hilo: TXT, ile ya siku zote, na nyingine mpya iliyopewa jina lenyewe la SPF. Kuwa nazo zote mbili ni sunna. Kuwa na angalau moja ni faradhi. Mimi tangu utotoni ni mtu wa faradhi. Nikachagua moja, yenye jina zuri, na ile TXT mbovu niliyoikuta nikaifuta kabisa. Ijumaa nililala usingizi wa mja mwema.

Kumbe 4408 ni marehemu. Ulitoka 2006, tena kwa majaribio; 2014 ukaja 7208 na kuamuru TXT peke yake. Na RFC ikishachapishwa haiguswi hata nukta. Ukitaka kubadili jambo, unatoa waraka mpya wenye nambari mpya. Kwa hiyo mrithi humtaja marehemu, lakini marehemu hamjui mrithi. Faili la maandishi matupu nililolitoa kwa printa ya ofisi halina hata neno moja la tanzia. Linaendelea kufaradhisha kwa sauti ileile.

"Wa 2006," nikajibu.

"Ulishabatilishwa, kaka," akasema, kama mtu anayekunong'oneza kwamba zipu iko wazi. Mama mkurugenzi akaziangalia sambusa.

Na si huo pekee ulionihadaa. Waraka 1149, wa kusafirisha data kwa njiwa, niliupigia mistari kwa kalamu kabla sijaona tarehe: Aprili 1, 1990.

Ule wa birika la kahawa tuuache.

Tumerekebisha. TXT ipo, imenyooka. Na bado ankara nyingine zinatupwa takani. Nikaurudia 7208, ulio hai, nikakuta barua iliyofeli ukaguzi wa SPF itendewe nini ni sera ya mpokeaji mwenyewe. Hapo kicheko kikaniisha. Kampuni kubwa za barua pepe zina sheria zao za ndani, hazina nambari, na hakuna wa kukuambia umekosa nini. Ofisi ndogo inatimiza kila faradhi, halafu inasimamishwa mlangoni kama mwizi. Maombi ya maoni 9,000, na yangu hakuna aliyeyaomba.

Jana nikamuuliza yule binti alisoma wapi.

"Sikusoma, kaka. Nilikosea hivyohivyo nikiwa mwaka wa pili chuoni."