Uchakavu Wenye Jina

Mkoba wa kwanza wa Birkin, alioutumia mwigizaji Jane Birkin mwenyewe hadi ngozi ikachubuka, uliuzwa mnadani Paris mwaka 2025 kwa zaidi ya yuro milioni 8, ukiwa na alama za stika na kikata kucha kikining'inia. Pale Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, mchubuko mmoja tu unatosha kushusha bei hadi muuzaji aape kwa mamake. Mkusanyaji atajibu kwamba analipia historia, si ngozi. Haya, lakini mtumba gani hauna historia? Tofauti ni kwamba aliyeuchakaza hajulikani, basi kuchakaa kwake kunaitwa kuchakaa. Isitoshe, mkoba ukishafika bei hiyo haubebi tena chochote, hata sarafu. Hubebwa wenyewe, tena kwa glavu.