Koti la Mwalimu wa Hesabu

Jumamosi jioni Gikomba, wenye vibanda wakishafunga turubai, bidhaa hubaki zikipiga domo. Kibandani upande wa Quarry Road palikuwa na Koti la suti la rangi ya majivu, kamera halisi, yaani mtumba wa daraja la kwanza, lililotundikwa kando kwa kuwa mwalimu mmoja aliliwekea arabuni ya shilingi 200. Chini yake lilikaa Sanduku la bati kutoka Kamukunji, ambalo Mama mwenye kibanda amemnunulia bintiye wa gredi ya 9. Panya aliingia kupitia tundu lake. Mchana hulala hapa. Usiku hukesha katika ofisi ya akademi iliyo karibu, anakofundisha mwalimu huyo na anakosoma binti huyo.

PANYA: Hongera, mzee. Mabega yamemkaa sawasawa.

KOTI: Asante, kijana. Amemwambia Mama ana harusi.

PANYA: Harusi ya Alhamisi, saa nne asubuhi? Huyo anaenda intavyuu ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Barua nimeiona begini mwake nikitafuta chapati. Aje na vyeti halisi pamoja na nakala.

SANDUKU: Na dairekta wa akademi ameshaambiwa?

PANYA: Aambiwe nini, mama? Kwamba kuna foleni ya TSC na mwalimu yumo? Wewe umewahi kumwona mfanyabiashara wa hapa akitangaza mali kabla belo halijakatwa kamba? Unalipa bei ya kamera, unafungua, fagia tupu.

KOTI: Kweli. Mimi mwenyewe nilitoka chini ya sweta zilizotoboka viwiko.

SANDUKU: Hata hivyo, adabu ni kusema mapema.

PANYA: Mwalimu wa sayansi alisema mapema. Februari, kwa moyo mweupe: naomba kazi Ruiru, bado sijajibiwa. Dairekta akamshika mikono, akamwombea. Jumatatu vipindi vyake vikagawiwa wengine. Jumatano akatolewa katika kikundi cha WhatsApp. Ijumaa kikombe chake cha chai kilikuwa mezani kwa karani kimejaa kalamu. Ruiru hawakumpigia simu hadi leo.

KOTI: Basi dawa ni kunyamaza hadi siku ya kuondoka.

PANYA: La, mzee. Yule wa Kiingereza alifanya hivyo. Januari 2023 TSC ilichukua wanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwetu pesa hizo ni ndoto. Alitoka wakati wa mapumziko, chaki ikabaki juu ya meza. Gredi ya 7 wakashinda wakichora magari. Sheria inasema asiyetoa notisi alipe mshahara wa muda huo, awe mwajiri au mwajiriwa. Dairekta, ambaye sheria haijawahi kumpendeza, siku hiyo aliipenda sana.

KOTI: Nawe sheria umesomea wapi?

PANYA: Sikuisoma, niliila. Sheria ya Ajira ya 2007 iko chini ya kabati la ofisi. Kifungu cha 35: anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, kwa maandishi, isipokuwa mkataba wake umetaja muda mrefu zaidi.

SANDUKU: Na mkataba wa mwalimu wetu unasemaje?

PANYA: Ulikuwa wa mdomo. Kifungu cha 9 kinataka uandikwe kazi ikifika miezi mitatu, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri. Labda hicho nilikila mapema mno, dairekta hakuwahi kukiona. Kitamu kuliko vyote kilikuwa cha 51: anayeondoka apewe cheti cha utumishi. Kumsifia hakuna anayelazimishwa, ila cheti ni lazima. Ukurasa ule ulikuwa safi, hauna hata alama ya kidole.

(Koti hili lilivuka bahari kufika hapa, nalo lilidhani huku notisi ni jambo la barua na saini. Wenyeji wa Eastlands watalisamehe.)

KOTI: Hebu tupige hesabu. TSC wakimchukua, huenda akaripoti Januari. Akiandika barua mwisho wa Novemba, siku 28 zinaishia likizoni. Hakuna mtoto anayeumia.

PANYA: Hesabu nzuri, ila umesahau kalenda ya dairekta. Aprili, Agosti na Desemba, yeye husema shule imefungwa na mshahara nao umefungwa. Sasa mtu atakaaje notisi katika mwezi ambao mwajiri anashikilia kuwa haupo?

SANDUKU: Maskini dairekta. Atapata wapi mwalimu wa hesabu?

PANYA: Usimlilie. Barua za maombi ya kazi ninazitandika nalalia, na kila wiki zinaletwa nyingine. Halafu kuna karatasi ambayo sijaitafuna kwa sababu nataka kuona mwisho wake: anauza ploti. Mnunuzi anataka kujenga godauni la mitumba. Shule inafungwa Desemba.

KOTI: Amewaambia walimu?

PANYA: Kifungu cha 40, mzee! Kazi ikiisha kwa namna hiyo, mfanyakazi aandikiwe mwezi mmoja kabla, afisa wa kazi naye aandikiwe, na kila mwaka kamili aliotumikia ulipwe angalau mshahara wa siku 15. Barua hizo sijaziona. Nilichokiona ni oda ya fulana za mwaka ujao zilizoandikwa "Tunasonga Pamoja". Kila mwalimu amekatwa shilingi 500.

KOTI: Kwani mtaa mzima hakuna anayetoa notisi?

PANYA: Kanjo, askari wa kaunti. Akija kubomoa hupaka X nyekundu ukutani. Yeye peke yake.

SANDUKU: Ngojeni kidogo. Mtihani wa KJSEA wa gredi ya 9 uko karibu. Mwalimu akisema leo, kesho atatolewa darasani. Akinyamaza, atafundisha hadi karatasi ya mwisho. Kumbe karo anayolipa Mama inanunua kimya chake!

PANYA: Sasa unaanza kuelewa biashara.

SANDUKU: Lakini Mama naye ni mzazi. Hastahili kujua?

PANYA: Mama anajua tangu mwalimu aliposimama mbele ya kioo akifanya mazoezi ya kujieleza kwa Kiingereza. Nani huenda harusini akisema ana uzoefu wa miaka sita? Salio ni shilingi 600, naye Mama amesema mwalimu atapewa koti binti akishamaliza mtihani.

KOTI: Na Alhamisi je? Aende intavyuu na sweta?

PANYA: Alhamisi unakodishwa. Saa tatu hadi saa nane, kitambulisho kibaki hapa.

SANDUKU: Na wakimchukua?

PANYA: Wakimchukua, mama, yeye ni mtu wa payslipu. Salio ni 1,500.