Namna ya Kujenga Reli ya Chini ya Ardhi Obunga Bila Kuchimba

Kila jiji linalojiheshimu lina treni inayopita chini ya miguu ya watu. London ilianza tarehe 10 Januari 1863. Cairo ilifungua yake mwaka 1987, ya kwanza barani Afrika. Kisumu nayo, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2001, imekaa tu hapa kando ya ziwa na tuktuk zake. Aibu hii ina dawa. Mwongozo huu ni wa mheshimiwa yeyote, aliyechaguliwa au anayemezea mate kiti, anayetaka kuipatia Obunga, mtaa wetu hapa Kisumu, reli ya chini ya ardhi kabla ya uchaguzi ujao. Hauhitaji ujuzi wa uhandisi. Ukiwa nao, utakuchelewesha.

Hatua ya 1: Anza na jina

Jina ndiyo sehemu pekee ya reli isiyodai fidia. Historia iko upande wako: reli ilipofika ufukweni hapa Desemba 1901, Kisumu ilibandikwa jina la Port Florence. Florence alikuwa mke wa mhandisi wa reli. Ukitaka kumtunuku mkeo kituo, basi, hutakuwa wa kwanza.

Tena una bahati ambayo London haikuwa nayo: Obunga imo katika wadi inayoitwa Railways. Nusu ya kazi imekwisha kabla hujaoga. Mwananchi akiuliza reli iko wapi, mwambie aangalie wadi anayopigia kura.

Hatua ya 2: Fanya upembuzi yakinifu, kisha uurudie

Upembuzi yakinifu ni kitabu kinene chenye picha ya watu wasio wa hapa, wakitabasamu ndani ya behewa linalong'aa, na chini yake pameandikwa "Kituo cha Sega Sega". Vijiji vingine vya Obunga, yaani Kasarani, Kamakowa na Central, navyo vipate picha zao, visije vikanuna. Ripoti ikikamilika, agiza nyingine ya kuthibitisha kwamba ya kwanza ilifanyika.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo itisha baraza. Leta hema, soda na mkate. Maoni yatakuja yenyewe. Mzee mmoja atasimama, aegemee fimbo yake, aulize: "Mheshimiwa, hiyo treni itapita juu ya choo changu ama chini yake?" Usibabaike. Jibu: "Swali zuri sana, jaduong'. Wataalamu wameliandika." Kisha geukia upande wa kina mama na uanzishe makofi.

Hatua ya 3: Usichimbe

Hapa ndipo waheshimiwa wengi hupotoka. Wanasikia "chini ya ardhi", wanatafuta sururu.

Ni kweli kwamba London ya 1863 ilichimba: barabara ilipasuliwa, handaki likajengwa kuta na dari, kisha barabara ikarudishwa juu yake. Jaribu hivyo Obunga. Ukishuka futi chache unakutana na kisima cha jirani. Ukikikwepa, unaangukia choo cha jirani mwingine. Mvua za masika zikinyesha, viwili hivyo huanza kutembeleana. Ziwa nalo halipendi kusahauliwa: mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni bila kubisha hodi.

Maji ndiyo adui mkubwa wa reli za aina hii kila mahali. New York huvuta kwa pampu karibu lita milioni 49 za maji kwa siku kutoka kwenye mahandaki yake, na hiyo ni siku ya jua. Pampu hizo zinataka umeme usiokatika. Sisi ndio tulioshuhudia usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ikizama gizani, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukiwemo. Abiria aliyeko hewani angalau rubani anaweza kumzungusha juu kwa juu. Wako atakuwa kwenye handaki, maji yakipanda.

Halafu kuna wenyewe. Ardhi ya Obunga si ya serikali. Ni mashamba ya urithi yaliyomezwa na mji ulipopanua mipaka yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wenye mashamba wakapanda nyumba za kupangisha pale walipokuwa wakipanda mahindi. Kila kiwanja kina mwenyewe, kila mwenyewe ana ndugu, na ndugu wote wana wakili. Chini zaidi kuna wazee waliozikwa humo, na hao hawatii sahihi fomu ya fidia.

Hatua ya 4: Zindua, kisha zindua tena

Chukua mfano wa reli ya Second Avenue huko New York. Wazo lilitolewa mwaka 1919. Uchimbaji ulizinduliwa mwaka 1972, ukasimama 1975 jiji lilipokaribia kufilisika, ukazinduliwa upya 2007, na abiria wa kwanza akapanda tarehe 1 Januari 2017. Ni kipande kisichofika kilomita 3, kilichomeza dola zipatazo bilioni 4.5. Hiyo ni New York! Nani atathubutu kukudai wewe uwe mwepesi kuliko New York?

Nyumbani pia una mashahidi. Reli ya SGR ilitoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 2017, ikajikokota hadi Suswa mwaka 2019, ikapiga breki. Abiria wa Kisumu alikuja kurudishiwa treni Desemba 2021, na ilipita juu ya reli ileile ya mkoloni, baada ya kupigwa msasa.

Tahadhari moja: usiruhusu mtu akumbuke kwamba reli hiyo ya mkoloni, kutoka Mombasa mpaka hapa, zaidi ya kilomita 900, ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Akikumbuka, mkumbushe pia vibarua wa Kihindi karibu 2,500 walioifia. Atanyamaza.

Jiwe la msingi liwe jepesi, la kubebeka na watu wawili. Litahitajika tena.

Hatua ya 5: Gawa bajeti kwa utaratibu wa mbuta

Obunga inaujua utaratibu huu kuliko chuo chochote cha uchumi. Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akifika kiwandani, mnofu wake hupakiwa kwenye barafu ukaenda kuliwa ng'ambo, na mifupa inayobaki, yaani mgongo wazi, huletwa hapa ikakaangwa kando ya njia. Gawa bajeti vivyo hivyo. Mnofu ni mshauri wa mradi, magari makubwa ya ofisi, na ziara ya mafunzo ya kwenda kupanda treni za wenzetu. Mifupa ni fulana, kofia, na kibarua cha wiki moja cha kufyeka nyasi za uzinduzi.

Usihofu kwamba mifupa haitatosha. Kina mama wa Obunga wamesomesha watoto kwa mifupa. Watakapoikaanga hii nayo wakapata unga wa jioni, simama redioni utangaze kwamba mradi umeleta ajira.

Hatua ya 6: Endesha

Msomaji mgeni atauliza: tunaendeshaje reli isiyo na treni? Kwa urahisi kuliko iliyo nayo. Haina ratiba ya kuchelewa wala nauli ya kulalamikiwa. Vijana wa bodaboda wa Kondele wakija na wasiwasi, waahidi kwamba treni hii haitawanyang'anya mteja hata mmoja. Utakuwa umesema ukweli, jambo litakalowashangaza.

Kazi halisi ya reli yako ni kujibu maombi. Wakazi wakitaka lami, waulize: tuweke lami leo, kesho tuipasue kwa ajili ya reli? Wakitaka taa ya mulika mwizi ya pili, waeleze kwamba nguzo yake itatoboa dari la kituo. Wakitaka njia ya wapita kwa miguu, maana wengi wao huenda kazini mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, wapongeze kwa uvumilivu na uwaonyeshe tena ile picha ya behewa. Wakitaka mtaro wa maji ya mvua, kataa kwa upole: mtaro utakatiza njia ya treni.

Siku moja mama mmoja atachoka. Maji yataingia nyumbani kwake mara ya mwisho ya subira yake, naye atachukua jembe, aite majirani, wachimbe mtaro wenyewe kutoka mlangoni hadi kijitoni. Usimwite chifu. Vaa kofia ya plastiki, fika haraka kabla hawajamaliza, simama katikati yao upigwe picha, na chini yake uandike: Awamu ya Kwanza.