Kahawa ya Upepo 130

Wapo wanaorudi kutoka Ulaya na gari, wapo wanaorudi na mchumba. Shemeji yangu alirudi kutoka Bologna na ulimi. Begi lake moja lilipotea njiani, lakini ulimi ulifika salama, na tangu aliposhuka uwanja wa ndege hakuna kitu cha Dar es Salaam kilichoupendeza. Mkate una sukari. Tambi zimeiva mno. Na kahawa, alitangaza hata viatu hajavua, kahawa hakuna.

Huyu ni mtoto wa Kilimanjaro, kazaliwa kihambani, migomba juu, mibuni chini. Ada yake ya shule ililipwa na buni. Lakini kwao kahawa ilikuwa kitu cha kuuza. Cha kunywa kilikuwa chai, na kwa wakubwa mbege. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, kachuma kahawa tangu utoto, na hadi leo ukimtengea kikombe cha kahawa anauliza nani anaumwa. Sisi wa Bukoba angalau tunaitafuna: buni zinachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zinakaushwa, mgeni anawekewa kiganjani kabla ya mazungumzo. Kwa hiyo Mchaga ilibidi avuke bahari ndipo aonjeshwe kile kilichomsomesha. Nililisema hilo mezani mara nyingi kuliko ilivyofaa, na nina hakika ndilo lililompandisha mori.

Nyumbani kwetu Tabata ipo mashine ya kahawa, mtumba wa Uingereza, plagi ya pini tatu, mali ya mke wangu. Ni ile ya kudondosha: tangi la maji mgongoni, kikapu chenye chujio la karatasi juu, jagi la kioo chini. Ni kifaa kipole sana. Ndani hamna hata pampu. Maji yanashuka kwenye mrija mwembamba, yanachemshwa kidogo kidogo, mapovu yanayasukuma juu kwa sababu vali imeyafungia njia ya kurudi, kisha yanamwagikia unga wa kahawa na kushuka kwa uzito wake yenyewe. Hakuna anayeyaharakisha. Mwishoni mashine inakoroma, ndiyo dalili kwamba imemaliza.

Shemeji aliizunguka, akaifunua kifuniko, akaifunga.

“Hii tutaitoa espreso,” akasema.

“Mashine ni ya dada yako,” nikamkumbusha.

“Dada atashukuru.”

Tatizo, kama nilivyokuja kuelewa kutokana na mihadhara yake mwenyewe, ni kwamba espreso ni kahawa ya nguvu kwa maana halisi. Maji ya moto, chini kidogo ya kuchemka, yanasukumwa kupita kwenye unga laini uliokandamizwa, kwa presha mara 9 ya hewa hii tunayovuta, na ndani ya sekunde 25 hadi 30 unapata mililita 30 hivi za kitu kizito chenye povu la rangi ya asali. Basi. Umekwisha kunywa, unalipa, unaondoka. Waitaliano wanainywa wamesimama kaunta, na shemeji naye akawa anasimama jikoni kwetu na kikombe, huku viti vinne vikimtazama.

Alikuwa akinieleza habari hizo za presha nje ya geti, na jirani yetu fundi pancha, mtu asiyeweza kusikia neno presha akanyamaza, akasogea.

“Upepo kiasi gani, kaka?”

Shemeji akafanya hesabu kwenye simu. Kwa paundi zile za kwenye geji ya matairi, ni kama 130.

Fundi akaweka chini lile tairi alilokuwa akilitoboatoboa. Gari dogo, akasema, anajaza 30, labda 35. Daladala zaidi kidogo. Lori la mizigo, lile la kwenda Tunduma, 100 na ushee. “Mia na thelathini! Hiyo ni kahawa au semitrela?” Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye nia njema, akasema kompresa yake inaweza kufika karibu na hapo, tukitaka aivute hadi jikoni. Namshukuru Mungu waya wake ulikuwa mfupi.

Shemeji akaamua kwamba penye upungufu wa presha, patawekwa ubishi. Alisaga kahawa kwenye blenda hadi ikawa kama poda ya mtoto. Alichanganya arabika ya kwao na robusta ya kwetu, na hapa sina budi kumpa haki yake, kwani hata huko Italia wengi huchanganya robusta ili povu lipatikane na kahawa iwe nzito. Nikafurahi kwamba Kagera imekumbukwa. Akajaza chujio pomoni, akachukua bilauri, akaanza kukandamiza unga kwa kitako chake, akiegemea kwa uzito wa mwili mzima. Akabonyeza swichi.

Maji yaliposhuka yalikuta ukuta. Kwenye mashine ya Kiitaliano ukuta huo hupasuliwa na pampu. Kwenye ya mke wangu, maji yalipiga hodi, hayakuitikiwa, yakaanza kupanda. Mashine haikujua. Iliendelea kuchemsha na kuleta maji mengine, kama ilivyofundishwa. Karatasi ikalegea ubavuni, tope jeusi likapanda ukingoni mwa kikapu, likashuka kwenye kaunta, likafuata nyufa za vigae, likaingia kwenye droo ya vijiko. Kwenye jagi yalifika matone machache. Shemeji aliyamimina kikombeni kwa heshima, akaonja, akafumba macho.

“Inakaribia,” akasema.

Dekio lilikuwa mikononi mwangu, naye bado amefumba macho.

Ukideki kahawa unapata muda wa kufikiri. Nilimfikiria Melitta Bentz, mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, ambaye mwaka 1908 alichoshwa na machicha na uchungu kwenye kikombe chake. Alitoboa kopo la shaba kwa msumari, akakata karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, akaiweka ndani. Hilo ndilo chujio tunalotumia hadi leo, na kazi yake ni kuzuia uzito: machicha hayapiti, na mafuta ya kahawa mengi yanabaki kwenye karatasi. Kumbe vitu vyote ambavyo shemeji alikuwa akivitafuta, huyu mama alishavipiga marufuku miaka zaidi ya 100 iliyopita. Miaka michache tu kabla yake, mwaka 1901, Luigi Bezzera wa Milan alisajili mashine ya mvuke kwa kuwa yeye alitaka kahawa itoke haraka. Na lile povu lilikuja baadaye kabisa, na mashine za Achille Gaggia za mwaka 1948, zenye mkono wa kuvuta. Hao ni watu wawili wa Kiitaliano na mama mmoja wa Kijerumani, kila mmoja na kero yake. Nilimweleza shemeji haya yote. Akasema Wajerumani hawajui kahawa.

Siku iliyofuata alikuja na mbinu nyingine, na hii ilikuwa na akili. Matone ya kwanza yanayotoka ndiyo makali kuliko yote. Kadiri maji yanavyozidi kupita ndivyo kahawa inavyozidi kuwa nyepesi. Basi tutaondoa jagi, tutaweka kikombe kidogo, tutachukua ya kwanza tu. Kasoro ni kwamba chini ya kikapu kuna vali inayojifunga jagi likiondolewa, ili kaunta isichafuke. Inafunguliwa na kifuniko cha jagi kwa kuisukuma juu. Kikombe cha espreso ni kifupi, hakisukumi kitu. Kikombe kilikaa chini kikavu kabisa, juu kikapu kikijaa kimyakimya, na kaunta ikachafuka kwa ajili ya kifaa kilichowekwa isichafuke.

Mke wangu alikuja, akatazama, akaondoka. Kwa wanaomfahamu, hilo ni baya kuliko maneno.

Lakini lililomfikisha shemeji kwenye baraza la familia ni lile la kupitisha mara mbili. Alitengeneza kahawa ya kawaida, kisha akaimimina kwenye tangi la maji ili ipite tena juu ya unga mpya. Kikombeni ilitoka chungu bila kuwa nzito, kwa sababu maji yaliyokwisha kushiba kahawa hayana hamu ya kubeba nyingine. Hilo lingepita. Ila mama mkwe, anapokuwa kwetu, hutumia mashine ileile kupata maji moto ya chai yake ya alfajiri. Mrija ulikuwa umejipaka kahawa ndani kote.

“Shikamoo, Mama,” nilimwamkia nikiingia.

“Marahaba. Mwanangu, nani anaumwa?”

Shemeji aliamriwa kusafisha. Dawa ya mrija ni siki na maji, inapitishwa, kisha yanafuata maji matupu mara kadhaa. Alipitisha siki. Maji matupu aliyaona ni anasa. Kesho yake chai ya Mama ilikuwa na ladha ya kachumbari, na mashine ikahamishiwa chumbani kwetu, juu ya kabati, ikafunikwa kanga.

Nilimshauri ashuke tu barabarani jioni. Muuza kahawa anapita na birika lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe, kashata ziko pembeni, na kahawa ile ni kali hata inakuamsha na madeni. Akasema ile imechemshwa, na kahawa haichemshwi. Nikamuuliza bei ya tiketi ya Bologna.

Sasa kaleta suluhisho jipya: kile kibirika cha alumini cha pembe nane, alichokianzisha Alfonso Bialetti mwaka 1933. Kinakaa juu ya jiko la gesi, maji yako chini, unga katikati, mvuke unasukuma kahawa hadi juu. Hakihitaji umeme, wala ruhusa ya dada. Kahawa yake ni nzito kweli; nilionja, nikaomba tena, na hilo sikumwambia mtu. Shemeji akabeba kikombe hadi getini kwa fundi pancha, ili naye aone kwamba hatimaye Tabata ina presha.

Fundi alikunywa yote kwa mkupuo. Akauliza upepo.

Shemeji akatazama pembeni. Kibirika kile kinafika mara moja na nusu ya hewa, ukikisifia sana. Kwenye geji ya matairi ni kama 20.

“Ishirini?” Fundi akamrudishia kikombe. “Kaka, hiyo ni pancha.”