Mwalimu, Sasa Wewe Ndiye Mkandarasi

Fedha zimeingia kwenye akaunti ya shule. Mhandisi wa halmashauri ameshakupigia simu, mtendaji wa kata amepiga, na muuza bati usiyemjua naye ameipata namba yako. Kuanzia leo wewe uliyesomea kufundisha Jiografia unajenga madarasa kwa fosi akaunti: taasisi ya umma inanunua vifaa yenyewe, inawalipa mafundi kwa ufundi wao tu, na inasimamia kazi bila mkandarasi. Usikimbie, mwalimu. Vuta kiti.

Anza kwa kuuliza kama kazi hii inastahili kufanywa hivyo. Kanuni za ununuzi wa umma za mwaka 2013 ziliweka masharti. Kazi iwe, kwa mfano, ndogo, imetawanyika au iko mbali kiasi kwamba wakandarasi wenye sifa hawatajitokeza kwa bei ya maana, au iwe ya dharura. Darasa, matundu ya vyoo, zahanati ya kijiji: sawa. Ukiletewa ramani ya ghorofa tatu, mpigie mhandisi na umwambie hapana, kwa heshima zote anazostahili.

Njia yenyewe ninaitetea. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilichukua sehemu ya mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, ikajenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, na Januari 2022 watoto wakaingia Kidato cha Kwanza wakiwa na pa kukaa. Faida ambayo mkandarasi angeiweka mfukoni iligeuka kuta, na mafundi wa kata wakapata kazi karibu na kwao. Ila kiwango kilikuwa kimoja, shilingi milioni 20 kwa darasa, uwe jirani na kiwanda cha saruji au uwe Ukerewe unakosubiri kivuko. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, piga hesabu ya usafiri. Fanya hivyo leo jioni, maana shule nyingi zikipata fedha mwezi mmoja, bei ya nondo haikungoji umalize vikao.

Sasa twende dukani, na hapa tutakaa sana kwa sababu hapa ndipo darasa huibiwa likiwa bado halijajengwa.

Azima mizani ya kupimia mahindi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ukipima ikaja kilo 8, hiyo ni nondo nyembamba iliyovaa jina la kaka yake, irudishe. Muuzaji atacheka, atakuambia hajawahi kuona mwalimu akipima nondo. Mwache acheke, wewe soma mizani. Kwenye bati, kumbuka kwamba hesabu zinakwenda kinyumenyume: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Wako wakuu wa shule waliofurahia "namba kubwa" kwa bei nafuu, na upepo wa kwanza wa masika ukawafundisha hesabu hizo. Tofali nazo ziangushe chache kutoka usawa wa kiuno kabla ya kulipa. Zikimwagika kama sukari, mfyatuaji alitaka mfuko mmoja wa saruji uzae kupita uwezo wake, na kulea watoto hao si kazi yako.

Baada ya hapo unda kamati tatu, na usiwe kwenye zote. Ya ununuzi inanunua, ya mapokezi inahesabu na kukagua, ya ujenzi inafuatilia kazi. Ukikuta mtu mmoja ametafuta bei, amepokea mzigo, ametunza ufunguo wa stoo na amesaini malipo, shule yako ina mfalme. Ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, zimerudia kutaja mambo haya haya kwenye miradi ya aina hii: manunuzi bila ushindani, vifaa ambavyo kamati haikuvipokea, wataalamu wasiofika eneo la kazi. NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, unasaidia kwenye ushindani, lakini hauwezi kushuka kwenye lori na kuhesabu mifuko. Mweke mama mmoja anayeuza duka kijijini kwenye kamati ya mapokezi. Hakuna lori litakalomdanganya huyo.

Fundi mpe mkataba ulioandikwa, hata kama ni shemeji yako. Hasa kama ni shemeji yako. Mlipe kwa hatua: msingi, boma, lenta, kenchi na bati, lipu na sakafu. Kila hatua mhandisi aikague na kusaini ndipo fedha itoke. Sehemu ya malipo ya mwisho ibakize hadi jengo lionje mvua. Mkandarasi ana kipindi cha matazamio, ukuta ukipasuka unamwita arudi. Kwa fosi akaunti wa kurudi ni wewe mwenyewe, kwa hiyo hiyo baki ndiyo dhamana pekee utakayokuwa nayo.

Kisha kuna haraka, na hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Utapigiwa simu kwamba mgeni mkubwa anakuja, au Mwenge wa Uhuru unapita, na jengo lipakwe rangi. Zege lina kalenda yake. Lisipomwagiliwa maji angalau siku 7 linakauka kabla halijakomaa, na wahandisi hulipima nguvu zake siku ya 28, tarehe ambayo hakuna itifaki inayoweza kuisogeza. Mgeni akifika siku ya 10, mpe koti la plastiki na ndoo, mwonyeshe mafundi wakimwagilia. Atapata picha nzuri, na wewe utapata sakafu isiyogeuka vumbi chini ya madawati. Watoto 40 watakaa humo kwa miaka mingi baada ya msafara kuondoka.

Kazi ikiisha, hesabu kilichobaki stooni, misumari pia, na ukiandike kwenye leja. Halafu bandika kwenye mbao za matangazo za shule na za kijiji karatasi moja: tulipokea kiasi gani, tulinunua nini, kwa nani, kwa bei gani, kimebaki nini. Wazazi waliochimba msingi kwa mikono yao wana haki ya kuisoma wakiwa wamesimama, bila kuomba miadi. Kama printa ya shule imeharibika, andika kwa mkono.